Mariamu Tuliyemtafuta Mangobo

Kisangani, Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, halafu ikakatika saa ya salongo ilipofika, ile kazi ya mikono ya lazima kila Jumamosi, kana kwamba nayo inakiogopa chama tawala. Nimesharudi nyumbani. Nimeosha miguu, viatu nimeviacha nje na matope yake.

Leo moyo umetulia. Tangu Jumatano haukuwa hivi.

Jumatano ilikuja teleksi. Kazi yetu ni kufuatilia ndui ya nyani, inayofanana mno na ile ndui ya zamani iliyokwisha duniani. Mtoto akitoka vipele, tunachukua magamba ya vidonda na kuyatuma ng'ambo. Huko wanakata vinasaba vya kirusi vipande vipande, vipande vinaacha mistari kwenye picha, na kompyuta inalinganisha mistari ya mgonjwa huyu na ya yule. Kompyuta yenyewe sijawahi kuiona. Naiamini tu, kama ninavyoamini kwamba theluji ipo.

Safari hii tulituma magamba ya watoto wawili. Wa kwanza ni Losambe, msichana aliyelazwa hospitali, daktari wetu mwenyewe akamchukua magamba. Kesho yake mama mtu akamtorosha, tukadhani wamerudi msituni. Wa pili ni Mariamu wa Mangobo, ambaye muuguzi wetu, katika kupita nyumba kwa nyumba, alimkuta kwao na kumchukua magamba. Muuguzi huyo sasa amehamishiwa Buta.

Jibu lilisema hivi: ni ndui ya nyani, na mistari ya watoto hawa wawili haitofautiani hata kidogo.

Mimi nilifurahi, nakiri, kwa sababu haikuwa ile ya zamani. Daktari hakufurahi. Virusi vikifanana kiasi hicho, alisema, mmoja amemwambukiza mwenzake, na huenda ugonjwa bado unatembea mtaani. Sisi wakubwa tuna kovu la chanjo begani. Watoto waliozaliwa juzi hawana, kwa sababu chanjo ya ndui imesimamishwa. Basi Kinshasa wakaamuru: Jumatatu mtaa ule wa Mangobo ufungwe, na watoto wote wasio na kovu wapelekwe kutengwa hospitali, bila mama zao.

Bila mama zao. Mimi ni mama.

Na Mariamu mwenyewe hakuonekana. Tulibisha milango, tukajibiwa hawamjui. Daktari akaona wanamficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nikawakasirikia wale wanawake kimoyomoyo.

Ndipo daktari akapata wazo kwamba leo ofisi yetu ifanye salongo kwenye mtaa ule ule. Tutafukua mifereji, tutaangalia watoto bila kutisha watu. Akaja na mabuti na jembe, na kusema kweli analishika jembe kama kijiko. Vijana wa chama walisimama njia panda, wanaimba na kutuhesabu.

Mimi nilipangwa kufagia mbele ya nyumba ya bibi mmoja, Mwislamu wa zile familia za zamani za mjini. Alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo, barazani. Nikamwamkia, nikamsaidia majani kidogo, tukaongea bei ya mawese. Halafu nikamwambia kinachokuja Jumatatu. Nilikuwa nimekatazwa kusema. Nilisema.

Mikono yake ikasimama. Akawatazama vijana wa chama, akangoja wimbo wao upande juu.

"Mariamu iko mujukuu yangu," akaninong'oneza. "Lakini ile jina iko ya hapa nyumbani tu. Kama watu ya chama wanakuya, tunasema hatumujue."

Nilielewa papo hapo, hata fagio likaniponyoka. Nchi hii imetukataza majina ya kigeni. Mimi mwenyewe nilibatizwa jina ambalo leo siliandiki popote. Kila mtu ana jina la ofisini na jina la kuitiwa chakula, na hatuchanganyi. Hospitali, mama alitaja la ofisini. Muuguzi alipopita hapa mama akiwa sokoni, koko, yaani bibi huyu, akataja la nyumbani.

Nikamwita daktari. Akaja anafuta jasho.

"Koko, muite Mariamu," nikasema.

Koko akaita. Akatoka Losambe.

Uso umejaa makovu, ndizi mkononi. Alipomwona daktari akapiga ukelele na kujificha nyuma ya bibi yake, maana huyu ndiye aliyembandua magamba.

Daktari alikaa chini barazani, mabuti yakiwa na matope hivyo hivyo. "Bon," akasema. "Donc ni mutoto moja." Kisha akacheka mpaka machozi, na mimi nikalia bila kucheka. Hakuna aliyemwambukiza mwenzake, kwa sababu mwenzake hayupo. Ile mashine ya ng'ambo ilisema kweli tupu. Ni sisi huku tuliompasua mtoto mmoja tukapata wawili.

Koko aliuliza jambo moja tu. "Munaenda kuandika jina yangu fasi gani?"

"Hatuandike, koko," daktari akamjibu.

Na hakuandika. Ujumbe wake kwenda Kinshasa ulisema magamba yote ni ya mgonjwa mmoja, yalichukuliwa mara mbili kwa ajili ya uhakika. Mchana wamejibu kwa redio: mtaa usifungwe.

Naandika haya nikiwa na amani, lakini kuna kitu kinanikera. Siku zote nilidhani watu wanatuficha wagonjwa. Je, ni wangapi walituambia kweli, nasi tukakosa kuielewa kwa sababu nasi tunaogopa wimbo ule ule wa njia panda?

Jumatatu tutaanza tena nyumba kwa nyumba. Kila mlango nitauliza majina mawili. La ofisini nitaliandika. La nyumbani nitalishika kichwani, nitakufa nalo.