Matairi ya Theluji ya Volvo ya Baba Yako

Luleå, 9 Novemba

Mwanangu Staffan,

Mimi sijambo, na hapa mtaani kila mtu keshasikia kwangu kwamba Australia nzima haina injinia kama wewe. Sasa nisaidie, maana kichwa kinanizunguka. Ile Volvo kuukuu ya baba yako, ambayo kwa miaka arobaini haijatoka bandani baada ya Oktoba isije ikaliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ghafla anataka niinunulie matairi ya theluji! Börje, fundi wa matairi, alinicheka: "Mama, hiyo Volvo ni bibi kizee, mwache alale hadi theluji iishe Mei!" Kisha akaniuliza, ya misumari ya kung'ata barafu au yasiyo na misumari? Nikamwambia nitarudi. Nyumbani nikamuuliza baba yako kwa nini asingoje hiyo Mei.

"Gunvor," akasema, "daktari hakunipa Mei."

Kwenye simu nilishindwa kukuambia.

Nimechukua ya misumari, mwanangu, kwa sababu barabara ya uwanja wa ndege imeganda, naye anasema lazima akupokee kwa gari hilo. Tuambie siku.

Mama yako anayejivunia wewe,
Gunvor