Tulikubali Wote, Hatukuhesabiwa

Jumanne, Kitengela. Jua limewaka tangu asubuhi, na vumbi la nyumbani Kajiado bado liko kwenye viatu vyangu. Nimechoka, na si kwa safari.

Leo tulitakiwa kusajili ardhi yetu ya jamii ili tuisimamie wenyewe. Hatukusajili.

Mimi ndiye mwandishi wa kamati. Wazee waliongea tangu saa tatu kwa utaratibu wetu: mmoja anashika rungu, anasema, anaketi, mpaka akakosekana mwenye la kupinga. Ardhi haitagawanywa. Haitauzwa.

Kisha afisa wa ardhi akasema wanaokubali wainue mikono, awahesabu.

Hakuna mkono ulioinuka.

Kwetu watu hawahesabiwi. Ukiwahesabu, unaita kifo kije kupunguza. Nalijua hilo tangu utotoni, na sikumwonya afisa. Nilidhani kwa siku kama ya leo wazee wangelegeza msimamo.

Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, akasimama. "Kijana, ng'ombe zangu sijawahi kuhesabu. Nazijua kwa rangi. Moja ikipotea, najua ni gani."

"Mzee, serikali haijui rangi. Inataka namba."

"Basi andika: wote."

Watu walicheka. Afisa pia alicheka, halafu akaniuliza, "Madam, daftari lako la wanachama liko na namba?"

Halina. Nimeandika majina yote bila namba pembeni, kwa heshima ya huyo huyo baba mdogo.

Afisa akaandika kwamba idadi haikuthibitishwa. Atarudi mara moja tu, baada ya wiki mbili. Tukishindwa tena, ardhi inabaki mikononi mwa kaunti, na tayari upande wa mtoni kuna ua wa nyaya ambao hatujui nani aliufunga.

Nilipomsindikiza baba mdogo, alinishika mkono. "Usinihesabu, mtoto wangu. Ukinihesabu, sitaiona mvua."

Hakuwa akitania.

Sitaki kuamini maneno hayo. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Lakini nina watoto, na sijawahi kutamka wako wangapi.

Daftari liko wazi mbele yangu. Nisipoweka namba, wengine watatuamulia. Nikiweka, nitakuwa nimemvunja moyo mzee aliyenilea. Penseli nimeichonga mara mbili.

Jina la kwanza ni lake. Nitaandikaje moja?