Gobore Lako Nimelipeleka Mwenyewe

Baba Juma, mume wangu,

Gobore lako nimelipeleka polisi. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba silaha zisizo na leseni zirudishwe, nikalifunga kwenye khanga nikaenda nalo. Usinikunjie uso huko uliko. Kusoma sijui, anayeandika ni mjukuu wetu, na nimemwambia asipunguze neno.

Juma alikasirika. "Mama, siku hizi kila kitu ruksa, wewe unatuvua nguo. Wezi wa ng'ombe watapeleka zao?"

Nikamwambia hawatapeleka. Lakini hili letu lilimpiga mwizi gani?

Unakumbuka alfajiri ile zizi lilipokutwa tupu, nikapiga yowe? Mdogo wako Saidi akaja mbio kutusaidia, kama tulivyolelewa, na wewe ukampiga yeye, ukidhani ndiye mwizi. Risasi ya paja. Ukalia huku ukimfunga na shati lako, naye anakutania, "Kaka, mimi ng'ombe wako nimekula wangapi?" Kumbe hatukufunga mlango wa zizi vizuri, ng'ombe walikuwa kwenye mtama wetu wenyewe. Nilikupenda siku ile kwa machozi yale. Gobore nililichukia.

Tangu hapo nikipiga yowe watu wanakaa ndani. Mwenye bunduki atajitetea, wanasema, tena atatuua sisi. Ukafa, likabaki kwenye msumari wake ukutani, na bado hawakuja. Lilitufukuzia majirani, wezi hata halikuwatisha. Ndiyo maana nilipolipeleka nilipita mlango kwa mlango nikilifunua waone linaondoka.

Juzi mchana wezi wakatukuta kisimani tukinywesha ng'ombe. Walikuwa na bunduki, sikufichi. Nikapiga yowe. Juma ananiambia, "Nyamaza Mama, haji mtu." Wakaja. Wanaume kwa wanawake, pinde, marungu, michi, wanapokezana yowe mpaka ng'ambo ya bonde. Wezi wakafyatua hewani, wakaona watu hawaishi kuja, wakakimbia na fahali mmoja, yule mwekundu. Aende. Juma wako mzima, ananuna tu.

Wa kwanza kufika alikuwa Saidi, anachechemea na upinde wake.

"Shemeji," akasema, "leo naruhusiwa kuja?"

Nikamshika mkono nikampeleka nyumbani, nikamkalisha kwenye kigoda chako, chini ya ule msumari mtupu. Amekula ugali mpaka sufuria ikalia.

Pumzika. Kwako kuko salama.

Mkeo,
Mama Juma