Mafundo ya Nyuma ya Kadi

Baba Karimi,

Chai iko kwa chupa, githeri kwa sufuria, pasha tu. Mbuzi hajakunywa maji. Nimeenda Makutano kuuza kadi zangu za kudarizi.

Asubuhi nilikufokea mbele ya watoto, ukaenda shamba bila kuonja kitu. Nisamehe. Lakini yale mafundo ya uzi uliyokata nyuma ya kadi ukisema unazisafisha, ndiyo yanashika mshono! Twiga saba niliowadarizi wamebaki bila miguu. ~~Usiguse tena kadi zangu.~~ Siku ingine uliza kwanza, mzee wangu.

Nikipanga zilizobaki nikapata moja umeificha chini ya gazeti. Umemrudishia twiga miguu kwa uzi wa kushonea magunia ya viazi, minene kama ya ndovu.

Hiyo siuzi. Nimeiweka ndani ya Biblia yangu.

Mama Karimi