Mesaji Ilisema Mushuke

Rubaya, Alhamisi jioni

Mashini imefanya kazi. Njo kitu inaniuma zaidi.

Mvua ya asubuhi ililowesha mulima, na ile kamashini ya kuonya watu, yenye sisi wa mradi tulizika juu ya mashimo ya koltani, yale madini ya bei, ikasikia udongo unatembea. Simu za watu zikalia mara moja: «Mulima unasonga. Mushuke.» Nilikuwa chini, karibu na mashamba ya maharagi, nangojea kuwaona wakikimbia kuja upande wetu. Nilikuwa hata nacheka peke yangu.

Walikimbia kweli. Lakini kupanda. Wachimbaji na majembe, wamama na mabeseni ku kichwa, hata wale walikuwa wanapalilia.

Nikamushika mukono Mama Furaha, mwenye nyumba kwenye ninapanga. «Mama, soma! Inasema mushuke!»

«Nimesoma, kaka. Mulima ikipasuka, koltani inatoka inje yenyewe. Mwenye anafika wa kwanza njo anaokota.»

Akajitoa ku mukono yangu, akaenda.

Tulichora, tulijaribu, tulifundishwa ku formasio kule Goma, na hakuna muntu hata mumoja aliuliza kama watu watakimbilia wapi. Hata mimi...

Leo udongo ulisimama wenyewe. Hakuna mwenye alikufa. Namushukuru Mungu, si mashini.

Saa hii Mama Furaha ameniletea bugali. Akakaa karibu, akaongea polepole ili majirani wasisikie.

«Kaka, ile mesaji yako. Siku ingine unitumie mie kwanza, wengine nyuma.»