Jina Langu Lipo, Ndani Hamna Kitu

Jumatatu, 2 Juni

Nimefunga steshenari mapema, umeme ulikuwa unakatika kila saa. Nyumbani nimemkuta Baba kakaa mbele ya kompyuta, mikono magotini. Kaiwasha baada ya chakula cha mchana anataka kusikiliza kwaya. Mpaka narudi bado inazunguka.

Imechoka. Flashi za watu wa kanisani zimeijaza virusi. Nimemwambia Baba dawa ni moja: kufuta kila kitu na kupiga windo upya, ile programu inayoiendesha. Akashtuka. Nikamweleza kwamba kwanza tunatoa mizigo ya kila mtu, tunaiweka pembeni, tukimaliza tunairudisha. Kila mtu atakuta akaunti yake, na jina lake.

"Na ya mama yenu?"

"Na ya Mama, Baba."

Mama alikuwa haigusi sana. Alikuwa anaangalia picha tu. Karibu mwaka unatimia tangu tumzike, na jina lake bado linatokea pale kwenye kioo: Baba, Mama, Salome, Beata. Baba hataki litoke. Na mimi sitaki.

Beata ana diski ya nje, kaja nayo kutoka Dodoma. Yuko likizo, kaja kutusaidia kuvuna. Kakubali kuniazima bila maneno. Ni vizuri kuwa na mdogo wangu nyumbani. Naandika hivi kwa sababu sijawahi kumwambia.

Jumanne, 3 Juni

Kuhamisha kumechukua jioni nzima. Ya Baba, kwaya tupu. Ya Mama, picha. Ya Beata, mambo ya chuo. Yangu ndiyo nzito.

Beata alikaa na mimi. Nilimfundisha kama ninavyowafundisha wasichana wa pale kazini. Nakili kwanza, kisha fungua uhakikishe. Na ukifuta kitu kwa bahati mbaya usiingize kingine juu yake, maana mpaka hapo fundi anaweza kukirudisha. Akawa anaitikia.

Kuhakikisha, nikafungua sauti moja ya Mama. Mwanzo tu. Alikohoa, akasema, "Salome, hicho kidude kimewaka?" Nikazima. Sijaweza bado.

Beata hakuwa anajua zipo. Nikamwambia nilikuwa namrekodi kwa simu ile miezi ya kuugua, Kiswahili na Kindamba, habari za ujana wake, majina ya wazee wake, kila alichotaka kusema. Simu ikajaa nikahamishia huku, kwenye folda yangu. Baba anajua, ila hajasikiliza hata moja. Alisema atasema mwenyewe siku akiwa tayari.

Nikampa diski yake. "Itunze. Mama yumo humo."

Umeme ukakatika. Kufuta mpaka keshokutwa, kesho tunakwenda shamba la Michenga.

Jumatano, 4 Juni

Shambani na Baba tangu asubuhi. Mpunga ni mzuri mwaka huu, umelala kidogo upande wa bondeni. Mgongo hauna hali. Baba anakata polepole lakini hataki kuambiwa apumzike.

Beata alibaki nyumbani, kichwa kinamuuma. Tumerudi kapika wali na kambale wa nazi. Macho mekundu. Nikamwambia akapime malaria, akasema atakwenda.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefuta. Nilisafisha mpaka chini, sikutaka virusi hata kimoja kibaki. Windo mpya imeingia vizuri. Nikatengeneza majina manne, yale yale, kwa mpangilio ule ule. Baba alisimama nyuma yangu anayasoma kwa sauti kama anaita mahudhurio.

Nikarudisha ya Baba. Ipo. Ya Mama. Ipo. Ya Beata. Ipo.

Yangu hamna kitu.

Folda ina jina langu. Ndani nyeupe. Nimefunga, nimefungua. Nimechomoa diski, nimechomeka. Nimetafuta humo kwenye diski yote mpaka macho yakauma. Filamu. Filamu na filamu. Mama hayupo.

Ijumaa, 6 Juni

Sikwenda kazini. Ni mimi. Niliwahi kufungua ile folda Jumanne, sikuifungua tena Alhamisi kabla ya kufuta. Kila siku nawahimiza watu wahakikishe mara mbili. Mpumbavu mkubwa.

Beata kaniletea chai na maandazi kitandani. Alinishika mgongo. "Pole, dada. Labda ule umeme ulivyokatika." Alikaa na mimi muda mrefu. Nililia begani kwake.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepeleka diski na kompyuta Kibaoni kwa Rashidi, fundi. Mtu mzima, mpole, hana papara. Kompyuta aliikatia tamaa mapema, maana niliisafisha mwenyewe na windo imekaa juu. Diski aliiwekea programu ya kutafuta vilivyofutwa. Tukakaa, tukangoja. Mchana alininunulia muwa.

Kilichopatikana: majina ya mafaili, mengi. Ukibonyeza hayafunguki. Moja likafunguka, kipande kidogo. Sauti ikasema, "Ongea tu, Mama, inarekodi." Ikakata.

Sauti yangu. Katika yote hayo imebaki sauti yangu.

Rashidi akaniuliza diski ni ya nani. Nikasema ya mdogo wangu. Akanionyesha kwa kidole. Vilivyokuwa kwenye folda yangu vimefutwa Jumatano. Filamu zimeingizwa Jumatano hiyo hiyo, baada ya kufuta, moja juu ya nyingine, mpaka diski ikajaa.

"Umeme haufanyi hivi, dada. Huyu alikuwa anajua anachofanya."

Jumatano nilikuwa Michenga. Baba alikuwa Michenga.

Anajua kwa sababu nilimfundisha mimi.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Tulikaa benchi moja kanisani. Aliimba. Niliangalia mdomo wake unaimba.

Nyumbani nikamfuata jiko la nje, Baba akiwa amelala. Sikuzunguka.

"Kwa nini umezifuta?"

Alikuwa anamenya ndizi. Hakukana. Hilo nitampa, hakukana. Aliweka kisu chini.

"Umewahi kuzisikiliza zote, dada?"

"Nilikuwepo zikirekodiwa. Nisikilize nini?"

"Basi unajua alichosema. Kwamba ana mtoto mmoja tu."

Najua. Ilikuwa Julai, homa imempanda, Beata kaahidi kuja kwa mara ya tatu na hakuja. Mama aligeukia ukutani akasema, "Mimi nina mtoto mmoja. Huyu hapa." Sikumwambia mtu. Nilimfunika tu shuka.

Beata anasema alifungua moja Jumatano apate kusikia sauti ya Mama, akaangukia hiyo. Hiyo hiyo. Akafikiria Baba atasikiliza siku moja. Ndugu watakuja kusikiliza. Watoto wake mwenyewe, akiwapata.

"Ungefuta hiyo moja!"

"Niliogopa ziko nyingine."

"Ungeniambia mimi."

"Ungekataa."

Ningekataa. Ndiyo.

Nikamuuliza la mwisho. Jumatano kila kitu kilikuwa bado kipo kwenye kompyuta. Kwa nini hukufuta huko?

Aliokota kisu, akarudi kwenye ndizi. Sikuhitaji jibu. Alitoa kwenye diski, akasubiri. Alijua Alhamisi nitafuta kwenye kompyuta kwa mkono wangu. Alikaa sebuleni ananitazama nafuta. Ijumaa akanipa bega nilie.

Hilo bega ndilo linanitesa kuliko yote.

Jumatatu, 9 Juni

Sisemi naye. Baba kaona. Kauliza, "Mmegombana?" Nikasema mgongo unauma.

Kuna kitu Beata hakijui. Wiki mbili baada ya yale maneno, homa ilishuka na Mama aliomba mwenyewe nirekodi. Alizungumza habari za Beata tu. Beata hakufika huko, alisimama kwenye ile iliyomchoma. Kafuta na hiyo.

Sasa hiyo iko kwangu peke yangu, kichwani. Na sitampa. Akae na ile ya mtoto mmoja. Kaichagua mwenyewe.

Najisikia vizuri kuandika hivyo. Vizuri kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Tulikuwa tunakula. Baba akanawa, akasema kama mtu anayeomba chumvi, "Salome, mama. Zile sauti. Nadhani sasa naweza."

Nilimwangalia Beata. Alikuwa anaangalia sahani yake. Nilimngoja aseme. Nikangoja. Baba ananitazama mimi.

"Zimefutika, Baba. Wakati wa kupiga windo."

"Zote?"

"Zote."

"Haya." Akavuta kiti, akatoka nje, akasimama upande wa banda la kuku na mgongo wake kwetu.

Beata kaniacha nibebe na hili. Nimemchukia mdogo wangu leo. Sitafuti neno lingine.

Alhamisi, 12 Juni

Kupiga mpunga Michenga, siku ya mwisho. Beata anaondoka kesho. Tulikuwa wawili kwenye turubai, vijana wa kubeba wamekwenda kunywa maji. Mikono yake imetoka malengelenge, hajalalamika.

Sikupanga. Nilikuwa nimeapa.

Nikamwambia alichosimulia Mama: alikuwa ng'ambo ya mto, Lupiro, kwa bibi, mimba yake imefika. Daraja halikuwepo. Maji yamejaa, kivuko kimesimamishwa. Uchungu ukamshika pale ukingoni, akitaka kurudi nyumbani. Mvuvi mmoja akakubali kumvusha kwa mtumbwi, wengine wote walikataa. Katikati ya mto mtumbwi ukaanza kuingiza maji, na mvuvi akamwambia achote. Mama akachota kwa kata, na uchungu ule, mpaka wakafika upande huu. Beata kazaliwa nyumbani kwa mvuvi huyo, juu ya nyavu. Mama alisema, "Huyu sikumzaa tu, nilimnyang'anya kutoka kwa mto. Mkimwona amekaa mbali, msiseme amenisahau. Mimi namjua."

Beata aliniuliza, "Alisema hivyo lini?"

"Baada ya yale."

"Baada?"

"Wiki mbili baadaye. Ilikuwemo. Umeifuta."

Alikaa chini kwenye mpunga. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto. Sikumshika. Niliendelea kupepeta. Alipotulia akasema, "Nisimulie tena, dada." Nikasimulia tena, kwa sauti yangu, nikijua kuna maneno nimeyakosea na hakuna pa kuhakikisha.

Sijamsamehe. Nilimwambia kwa sababu yale maneno Mama alimsemea yeye. Hayakuwa yangu kuyakalia.

Ijumaa, 13 Juni

Kaondoka na basi la asubuhi. Baba alimsindikiza stendi, mimi niliagana naye mlangoni. Alisema, "Dada, nisamehe." Nikasema, "Ufike salama." Ndiyo niliyokuwa nayo.

Baba karudi peke yake, kavua viatu. "Kaniambia ni yeye," akasema. Nikangoja aongeze. Baadaye tu, akiwa anatafuta miwani: "Ni mtoto wangu. Na wewe ni mtoto wangu. Mniache nipumue."

Jumapili, 15 Juni

Jua zuri. Tumeanika mpunga uani. Baba anaugeuza kwa miguu, anakwenda na kurudi, suruali kaikunja.

Akasema, "Nisimulie yale ya mama yenu. Unayokumbuka."

Nikaanza popote. Nikamsimulia Mama alivyomwelezea yeye, siku ya kwanza alipofika kwao kuposa. Nikasema Mama alisema, "Alikuwa mwembamba, ana viatu vikubwa kuliko yeye."

"Hapana," Baba akasema bila kusimama. "Hakuwa anasema 'mwembamba'. Alikuwa anasema 'mkavu'. 'Alikuwa mkavu kama kuni.'"

Kweli. Alikuwa anasema mkavu.

Nikarudia kutoka mwanzo, na mkavu. Akaenda, akarudi, anasikiliza.