Wote Wawili Katika Picha Moja

Asmara, 14 Mei

Mwanangu Tekeste,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa majirani, ambao mpaka leo wananiuliza habari zako. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Barua hii anakuletea Letebrhan, binti wa fundi cherehani, anayekuja huko harusini. Usimwache aondoke bila kula.

Kuhusu macho sitakuzungusha. Daktari anasema ni presha ya macho, na pembeni kote kumeshakufa. Naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nilimuuliza, "Dokta, tundu hili litadumu?" Akasema, "Mpaka Krismasi, mzee, tukijaliwa." Dawa zinachelewesha tu, haziponyi.

Sasa sikiliza. Mdogo wako Habtom amechaguliwa kwenda Mbio Kubwa za Ufaransa, zile za baiskeli. Si wa kushinda, unajua mwenyewe. Kazi yake ni kuwabebea wenzake chupa za maji na kuwakinga upepo. Lakini ni Mbio Kubwa! Kinyozi ameninyoa bure, mimi ambaye hata nywele sina. Na siku ya mwisho wanamalizia hapo hapo ulipo.

Nina ombi moja. Tangu ulipobaki ugenini, miaka tisa sasa, sijawaona ninyi wawili mahali pamoja. Kila picha niliyo nayo, ama ni wewe ama ni yeye. Nenda siku hiyo, usimame kamera zinapopita, umwite akuone. Mimi nitakuwa baani kwa Zerai, mbele ya televisheni. Nataka niwaone wote wawili katika picha moja kabla tundu halijaziba.

Baba yako,
Okbazghi


Paris, 9 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na unatia dawa bila kuruka siku. Kifua kimepona. Bado niko kwenye kile kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli; joto la mle ndani limeniponya lenyewe.

Habari za macho yako zimenilaza nikiwa nimevaa viatu.

Kuhusu Habtom. Unaniomba kana kwamba mimi ndiye niliyekataa. Nimemwandikia kila mwaka, kwa anwani ya kila timu aliyopita. Hajajibu hata kwa matusi. Na ninajua kwa nini. Nilipotoroka hotelini asubuhi ile ya mashindano, niliyeponyoka ni mimi peke yangu; yeye na vijana wote wa kikosi chetu cha baiskeli walirudishwa nyumbani, na kwa miaka mitatu hakuna aliyeruhusiwa na serikali kupanda ndege. Alikuwa na miaka ishirini na tayari timu ya Waitalia ilikuwa imemwita. Haikumngoja.

Lakini nitakwenda. Juu ya ile barabara kubwa wanazunguka tao la mawe mara nane, na pale kwenye kona hulazimika kupunguza mwendo. Nitasimama hapo, upande wa kulia kwao, nimejifunika ile gabi nyeupe uliyonitumia. Ukiona mtu mmoja amejitanda nguo nzito katikati ya Julai, ujue ni mwanao.

Mwanao,
Tekeste


Paris, 28 Julai

Baba yangu,

Shikamoo, na hongera! Hujambo? Mmelala kweli jana huko Asmara?

Nilifika kwenye kona saa mbili asubuhi, nao walikuwa waje jioni. Nilidhani nitakuwa peke yangu, kumbe watu wetu walikuwa wameshafika na ngoma, bendera na masufuria ya mchuzi wa shiro. Mama mmoja aliponiona akaangua kicheko. "Wewe na gabi jua hili, umetoroka hospitali?" Nikamwambia nataka baba yangu anione. Akaacha kucheka, akawasukuma watu kwa kiuno mpaka nikafika kwenye uzio. "Mpisheni! Huyu ana miadi!"

Sikuwaambia mimi ni nani wa Habtom. Walikuwa wanaliimba jina lake, Baba, watu mia mbili. Kijana mmoja wa mji wa Keren akanieleza jinsi Habtom alivyoanguka mlimani juma la pili, akaendelea na safari kiwiko kimefungwa bandeji. Alinieleza kwa makini sana, kana kwamba mimi ni mgeni wa mchezo huu. Nikamsikiliza.

Walipokuja mara ya kwanza sikumwona. Wanapita kama bati linalopeperushwa na upepo: kelele, ubaridi, basi. Mara ya pili nikamwona, kichwa chini. Ya tatu, ya nne, ya tano, nikaita mpaka sauti ikakatika. Mzunguko wa sita alikuwa ameachwa nyuma, peke yake, pikipiki ya kamera ikimfuata. Nikamwita lile jina tulilomwita utotoni. Na Baba, akageuka! Akainua vidole viwili kutoka kwenye usukani, hivi, kidogo tu, akapita. Watu wakapiga vigelegele wakidhani ni kwa ajili yao.

Amemaliza wa mwisho, lakini amemaliza. Nimefurahi. Ufurahi nawe.

Mwanao,
Tekeste


Asmara, 2 Septemba

Mwanangu Tekeste,

Salamu. Sisi wazima. Mvua zimekwisha vizuri na maua ya njano yametoka kando ya barabara, nadhani, wengine wameyaona. Barua yako Letebrhan alinikabidhi mwenyewe. Nimeisoma mara tatu kwa kioo cha kukuzia maandishi, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Nami nikueleze siku yangu. Zerai aliniwekea kiti shubiri moja kutoka kwenye televisheni. Watu wakapiga kelele, "Mzee Okbazghi, kichwa chako si dirisha!" Zerai akawajibu, "Huyo mwanawe yumo mle ndani, na wewe unaye nani?" Kisha akaniletea kahawa ya makiato na hakuitaka hela yangu.

Mizunguko mitano sikuona kitu, rangi tu. Kwenye wa sita, Zerai akanishika bega: "Mzee, sasa! Huyo hapo!" Nikaweka jicho kwenye kioo cha televisheni kabisa. Mwanangu, niliwaona. Habtom yuko peke yake barabarani, bandeji kiwikoni, na mbele yake gabi nyeupe kwenye uzio. Picha moja, wote wawili, kama nilivyoomba. Ilikaa kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

Umenenepa kidogo. Mikono yako ulikuwa umeifungua yote miwili.

Na mdogo wako alikuwa amegeuza uso upande wa pili, kule kusikokuwa na mtu hata mmoja, ukuta na mti. Hata kona ilipomtaka atazame kulia, alitazama kushoto, nusura agonge uzio. Vidole viwili ulivyoniandikia havikuwepo. Baa nzima iliona, Tekeste. Watu sitini. Zerai aliizima mashine ya kahawa.

Sikulaumu kwa kunidanganya. Lakini mtu anayeona kwa tundu huona kitu kimoja tu, na kile kimoja hukiona kweli. Nakuomba uniambie yaliyobaki. Najua hukurudi nyumbani moja kwa moja. Wewe si mtu wa kurudi nyumbani moja kwa moja.

Baba yako,
Okbazghi


Paris, 11 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nisamehe.

Ni kweli. Baada ya mbio nilikwenda kule mabasi ya timu yanakoegeshwa. Ile gabi ilinisaidia. Mlinzi aliniona mtu wa heshima, akanipisha. Habtom alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi, miguu ndani ya ndoo ya barafu. Kwa karibu ni mwembamba kuliko kwenye televisheni. Ana mvi hapa juu ya sikio, Baba. Mtoto wa miaka ishirini na tisa.

Nikasema, "Habtom." Hakushtuka. Akasema, "Nilikuona. Mara nane zote nilikuona. Umejivika kama bibi harusi, nani asingekuona?"

Nikasema, "Baba anakusalimu."

"Baba nitamwona mwenyewe. Mimi huwa narudi."

Nikamwambia habari za macho yako, na ulichokitaka. Alikuwa anazijua. Akasema, "Basi nimempa. Nimepita ulipo, amekuona, ameniona. Alitaka picha, hakutaka kitu kingine."

Nikapiga magoti, Baba, pale kwenye lami, mbele ya wenzake. Nikamwambia miaka tisa nimekuwa nikitafuta maneno. Akanitazama kwa mara ya kwanza, akaongea polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Asubuhi ile uliniambia unakwenda dukani kununua sabuni. Nikakungoja na taulo shingoni. Nikawaambia makocha, kaka yangu anarudi sasa hivi. Nilisema hivyo mpaka saa sita mchana, watu wazima wakinitazama. Kama ungeniambia, Tekeste! Ningekuja nawe, au ningekukataza, au ningekusindikiza mlangoni. Miaka mitatu iliyofuata niliendesha baiskeli chumbani, haiendi popote, nikitazama ukuta. Leo mimi ndiye wa mwisho katika mbio ambazo nilipaswa kuziongoza milimani. Mwaka huu ni wa mwisho. Timu hainihitaji tena. Sasa unataka nikupe nini? Sina."

Nikasema, "Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Niliogopa. Nilidhani ukijua watakubana."

"Walinibana hata hivyo." Akatoa miguu kwenye barafu, akaipangusa. "Inuka, watu wanaangalia. Nenda ukamwandikie mzee vizuri. Wewe ndiye uliyejaliwa maneno."

Akapanda basi. Ndiyo maana niliandika vile vidole viwili. Nilikuwa nimeambiwa niandike vizuri.

Atakaporudi nyumbani, Baba, zungumza naye. Wewe anakusikiliza. Sina mtu mwingine wa kumtuma.

Mwanao,
Tekeste


Asmara, 9 Januari

Mwanangu Tekeste,

Salamu za Krismasi yetu, ingawa tarehe saba imeshapita siku mbili. Kifua chako kikoje? Jifunike.

Barua yako nimeisoma kwa siku nne, mstari kwa mstari, na ndiyo maandishi ya mwisho niliyoweza kuyasoma. Daktari alikosea kidogo. Ilikuwa katikati ya Novemba. Hii naandika kwa kupapasa, nimeweka rula chini ya mkono. Kama mistari imepandana, jaribu tu.

Habtom amerudi moja kwa moja. Baiskeli ameitundika uani. Ananipikia, ananikata kucha, ananishika mkono mpaka kwa Zerai na kunirudisha. Haharakishi. Sijawahi kuongozwa na mtu mwenye subira kama yeye.

Siku ya Krismasi tulichinja kondoo. Tulipokwisha kula nikamwambia kila ulichonituma, na vya kwangu nikaongeza. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nitakufa, na huyu ni kaka yako." Akainuka mezani. Alikaa uani mpaka kahawa ikapoa kwa mara ya tatu. Aliporudi akapiga magoti mbele yangu, akaishika mikono yangu yote miwili. Akasema, "Baba, nitakuosha, nitakulisha, nitakuzika. Lakini barua yake ikiingia tena nyumba hii, mimi nitatoka. Sikulazimishi. Nakwambia tu nisije nikaondoka bila kukuaga."

Nimefikiria siku mbili. Zerai alisema atakuwa ananisomea barua zako baani, kwa siri. Lakini anayenipeleka baani ni Habtom, na anayekaa karibu yangu ni Habtom. Siwezi kumdanganya mtu ninayemshika mkono.

Kwa hiyo usiniandikie tena. Sijakukasirikia, na sijakufukuza. Natamani ungekuwa umekosa zaidi, ingekuwa rahisi. Kama ningekuwa na macho ningewakalisha wote wawili na kuwaacha mgombane mpaka mchoke, kama zamani. Sina macho. Nina mkono mmoja wa kushika, na huo uko hapa.

Hii atakuletea Letebrhan, anakuja huko tena. Usimpe jibu, hata la mdomo.

Nasikia lango. Ni yeye, amerudi na mkate. Naishia hapa.

Baba yako